Nyumba Isiyo na Ngazi

Jumamosi moja mwaka wa 1991, Phelis alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba ya kampuni huko Kimulot, akichambua maharagwe, mumewe aliporudi kutoka kiwandani na kusema amepata nyumba mbili za kuchagua. Kepher Amolo alikuwa mtu wa boila. Tangu ujana alitia kuni motoni ili majani ya chai yakauke, na mwisho wa mwaka angestaafu. Anayestaafu hufunga virago, nyumba ya kampuni hupewa mwingine.

Moja ilikuwa fleti katika ghorofa ya tatu mjini Kericho. Nyingine ilikuwa nyumba ndogo ya mbao na mabati huko Chepilat, peke yake ndani ya ua, na mparachichi nyuma.

"Tuulize mtoto," Phelis akasema.

Binti yao Beverly alikuwa amekufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu. Baada ya mazishi alianza kuja jioni, wakati wachumaji wanaporudi na vikapu vitupu, akaketi kizingitini. Alikuwa akikua kama watoto wengine. Sasa alikuwa msichana mrefu, na majirani walimsalimia wakipita. Mhubiri alisema hana neno, mradi mtoto hamkosei mtu.

Jioni hiyo Beverly alisikiliza habari za nyumba zote mbili.

"Hiyo ya Kericho iko na ngazi?"

"Iko. Ya simiti, nzuri sana," baba yake akajibu.

"Ngazi siwezi, baba. Mimi hufika tu mahali kuna udongo chini."

Kepher alingoja mpaka Beverly alipoondoka. Kisha akasema, "Mama Beverly, siku hizi watu wanatuongea vibaya sisi wa kutoka ziwani kule kantini. Town ni ya kila mtu. Huko Chepilat wanaweza kutuambia siku moja turudi kwetu."

"Kwetu ni wapi?"

Kepher alizaliwa katika nyumba hizo hizo za kampuni. Baba yake alitoka ziwani akiwa kijana, na shamba la huko lilikuwa limegawanywa zamani na ami zake.

Hata hivyo jioni moja walikwenda kuiona fleti, na Beverly akawasindikiza. Ilikuwa na mfereji ndani ya jikoni. Phelis aliufungua, akaacha maji yammwagikie mikononi, maana maisha yake yote alikuwa ameyabeba kichwani. Aliipenda nyumba ile, na hilo ndilo lililomuuma. Alipochungulia dirishani alimwona Beverly chini, amesimama penye udongo kidogo kando ya tangi la maji, ameinua uso kama mtu anayemngoja mgonjwa nje ya wodi.

Phelis akaufunga mfereji. "Ni nzuri," akasema. "Twende."

Wakanunua nyumba ya Chepilat. Siku waliyohamia, jirani yao Chepngeno, mjane, aliwaletea mursik, maziwa ya mgando, katika kibuyu. Jioni akamkuta Beverly kizingitini.

"Chamgei," akamsalimia. Kisha akamgeukia Phelis. "Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu. Alikufa."

"Pole, mama," Chepngeno akasema, akasogeza kibuyu karibu na msichana ili naye apate harufu.

Waliishi vizuri pale. Kepher alipanda majani ya ng'ombe. Phelis alikaanga mandazi asubuhi, na jioni walikaa mlangoni wote watatu, na mara nyingi Chepngeno alikuwa wa nne.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Chepngeno alikuja akakataa kuketi.

"Mama Beverly, ondokeni saa hii. Kuna vijana wanapita nyumba za watu wa kutoka ziwani. Wanachoma. Hata mimi wameniambia nisifiche mtu."

"Tumemkosea nani?" Kepher akauliza.

"Hamjamkosea mtu. Wanasema ardhi si yenu."

"Tulinunua, Chepngeno."

"Najua mlinunua. Si nilikuwa hapa, nikakunywa hata chai?" Alikuwa analia. "Mzee, ondoka tu."

Phelis alitaka wangoje jioni ili wamuage mtoto. Kepher alimshika mkono akamvuta. Hakuwahi kumvuta tangu waoane. Walipofika barabarani waliona moshi, na kwa kuwa nyumba ile ilikuwa peke yake ndani ya ua wake, hawakuhitaji kuuliza ni ya nani.

Walilala katika ua wa kanisa pamoja na wengine, halafu wakafika Kericho, wakapanga chumba kimoja ghorofani. Beverly hakuja. Kepher hakusema hata siku moja kwamba alikuwa ameonya. Phelis angependa aseme.

Habari waliletewa na Chepngeno alipokuja sokoni. Beverly bado alikuja kila jioni, akaketi palipokuwa na kizingiti. Chepngeno alikuwa akimpitia, na mtoto sasa alikuwa anaelewa Kipsigis, lugha ya huko. Mtu mmoja anayeitwa Mathew alikuwa amezungushia ploti ile ua.

Mambo yalipotulia, Phelis alikwenda Chepilat jioni moja. Kepher alisema miguu inamuuma.

Mathew alimpokea kwa heshima, akamletea kiti na chai ya maziwa. "Karibu, mama. Wako yuko pale."

Beverly alimsalimu mama yake kwa Kipsigis, akacheka, akarudia kwa lugha ya nyumbani. Kisha akauliza, "Mama, mnarudi lini?"

Phelis alimpangusa jivu magotini. Mathew akakohoa.

"Mama, sina ubaya na wewe. Lakini hapo anapoketi nataka kupanda chai. Mchukue, uende naye kwenu."

"Tunakaa juu, ghorofani. Ngazi hawezi."

"Pole sana. Sasa mimi nitafanya nini? Hii ni shamba yangu."

Hakueleza ilivyokuwa yake. Phelis hakuuliza, kwa sababu ndugu wawili wa Mathew walikuwa wamesimama langoni, nao walikuwa wamemwamkia vizuri sana.

Beverly aliinuka mwenyewe. Alitoka nje ya lango, akaketi kwenye nyasi ukingoni mwa mtaro wa barabara. Mathew akamshukuru, akafunga lango. Phelis aliketi naye mtaroni, amemshika mkono, mpaka gari la mwisho la Kericho likapiga honi.

Mvua zilipoanza, Mathew alipanda miche yake, nayo ikashika vizuri. Beverly huja jioni kama kawaida. Ng'ombe wa watu wakipita kwenda nyumbani, yeye husogeza miguu awapishe.