Kamanda Kwenye Mbeleko

Kila asubuhi nafagia sehemu yangu ya uwanja kabla wapangaji wenzangu hawajaamka. Si kwamba napenda usafi sana. Ukifagia mapema unawahi kurudi ndani, na salamu unazitoa kupitia dirishani, ambako hakuna anayekuangalia usoni. Siku hiyo nilikuwa nimefika karibu na bomba pale mpangaji mwenzetu Mzee Kefa alipofungua geti kwa kiwiko, akanijia moja kwa moja na kuweka boksi la mafuta ya kupikia juu ya takataka nilizokwisha kukusanya.

"Mbukwa, mtaalamu," alinisalimu kwa Kigogo. "Mzigo wako huo."

Boksi lilipiga chafya.

Ndani alikuwamo mtoto wa mbwa wa rangi ya vumbi, tumbo limemjaa kama kibuyu, masikio ya kumtosha mbwa mwingine mkubwa. Aliniangalia, akajikojolea.

"Anaitwa Kamanda," alisema Mzee Kefa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema jambo, na hata wiki iliyotangulia nilitakiwa kulisema. Wezi walikuwa wameruka ukuta wa nyumba yetu hapa Nzuguni wakaondoka na sufuria zote za Bi Mwamvua, mwenye nyumba, pamoja na wali uliokuwa bado katika mojawapo. Wapangaji tukaitwa kikao, ikakubalika tutafute mbwa. Nani atamlea? Tereza, msusi wa chumba cha mbele, akaninyooshea kidole. "Si huyu Ruthu hapa? Kasomea wanyama!" Watu wakapiga makofi.

Ukweli ni kwamba chuo cha mifugo kina kozi nyingi, na mimi nilisomea malisho. Majani. Nionyeshe shuke la nyasi yoyote ya huku kwetu nitakutajia jina lake, na kama ng'ombe atanenepa au atakonda akiila. Mbwa sikuwahi hata kufuga. Nilisimama nieleze hivyo, macho yote yakanigeukia, na kilichotoka mdomoni kikawa, "Sawa."

Ndivyo nilivyo. Nikimaanisha hapana, inatoka sawa. Nikimaanisha sijui, inatoka sawa. Chumbani kwangu nina saa tatu za ukutani, zote nimeuziwa na vijana wanaotembeza bidhaa.

"Wewe mlishe tu," Mzee Kefa aliendelea, akionyesha kona ya uwanja alikoanza kujenga banda la mabati. "Akimaliza chanjo namchukua mimi. Nitamfungia humo mchana kutwa, asione mtu, asizoee mtu. Mbwa anayezoea watu ameharibika."

Mzee Kefa alilinda maghala hadi akastaafu, kwa hiyo kwenye mambo ya ulinzi hakuna aliyembishia. Nilimwangalia Kamanda, ambaye wakati huo alikuwa ameiona ndoo yangu na kurudi nyuma ndani ya boksi akitetemeka.

"Sawa," nikasema.

Daktari wa mifugo niliyempelekea kule Ipagala, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimchoma chanjo ya kwanza huku akinisikiliza nikimweleza habari za banda. Akatikisa kichwa.

"Akifungiwa hivyo hatakuwa mkali, atakuwa mwoga. Na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Atamng'ata mgeni, atamng'ata mtoto, na mwisho wake mtamuua ninyi wenyewe. Umri huu ndio wa kumwonyesha dunia. Ukipita, haurudi."

"Basi nitamtembeza, Dokta."

"Hapana. Chanjo hazijakamilika. Huko barabarani kuna ugonjwa wa parvo, akiupata anahara damu, siku mbili amekwisha. Asikanyage chini nje ya geti, asinusane na mbwa wa mtaani."

"Sasa ataionaje dunia bila kuikanyaga?"

Daktari akanitazama kama mtu anayeshangaa nimekulia nchi gani. "Si umbebe?"

Kisha akanipa maneno ambayo sikuyasahau. Akiogopa, usimlazimishe. Rudi nyuma mpaka apumue vizuri. Mpe kitu kitamu. Mwache achague mwenyewe kusogea. Nilitamani mama yangu angeambiwa hayo nilipokuwa mdogo, sebule imejaa wageni na mimi nasukumwa mgongoni nikaimbe.

Basi nikachukua kitenge, nikamfunga Kamanda kifuani kwa mbeleko, mfuko wa dagaa mkononi, tukatoka.

Hatukufika mbali. Mama muuza vitumbua wa njia panda alitupa mwiko wake kwenye karai. "Ruthu! Mwanangu! Umejifungua na hatukujua?"

Nilitaka kusema ni mbwa. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hongera jamani. Na ulivyo mkimya hivyo! Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Hebu mfunue tumwone."

Nikamfunua. Mama alimtazama Kamanda kwa muda mrefu. Kamanda naye akamtazama, kisha akapiga miayo, ulimi wote nje.

"Amefanana na baba yake?" mama akauliza hatimaye, kwa upole sana.

Nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu, na yeye alipoelewa akacheka zaidi yangu, akaita majirani. Wakaja wanne. Kila mmoja nilimpa dagaa mmoja ampe Kamanda kiganjani, bila kumkaba wala kumwinamia. Nikajikuta nimetoa maelezo kwa watu watano bila kusema sawa hata mara moja. Nilipogundua hilo niliona haya, nikaaga.

Stendi ya mabasi ilitushinda siku ya kwanza. Basi moja lilipiga honi, Kamanda akaingiza kichwa kwapani kwangu, mkia umepotelea tumboni. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta kwapa la kujificha. Tukarudi nyuma, tukarudi tena, hadi mahali ambapo mabasi yalionekana madogo kama viberiti, tukakaa juu ya tofali tukala dagaa. Yaani yeye alikula. Kesho yake tukasogea kidogo. Siku nyingine upepo ulikuwa mbaya, vumbi limefunga barabara, tukarudi nyumbani bila kujifunza lolote, na daktari alisema hiyo nayo ni sawa.

Tabu ilikuwa watu. Kamanda alitakiwa kuona watu wa kila namna, wenye ndevu, wenye fimbo, wenye helmeti, na watu hao lazima uwaombe. Kijana wa bodaboda wa kona yetu, Habibu, nilimfanyia mazoezi njia nzima. Samahani kaka. Samahani kaka. Nilipomfikia nikasema yote kwa pumzi moja: "Samahani kaka naomba uvae helmeti mbele ya mbwa wangu."

Habibu akashuka kwenye pikipiki. "Dada, hii ni kazi au mapenzi?"

"Kazi."

"Haya." Akavaa. Kamanda akakunja masikio, akapata dagaa. Akavua. Akavaa tena. Tulirudia siku kadhaa, mpaka Kamanda akiona helmeti anaangalia mfuko wangu. Habibu naye akazoea kunyoosha kiganja. "Mimi nimevaa vizuri leo, dagaa wangu yuko wapi?"

Nyumbani somo gumu lilikuwa mwavuli, na mwenye mwavuli alikuwa Bi Mwamvua. Mama wa watu wa Kondoa, anaswali swala zake zote, na tangu mwanzo aliniambia waziwazi: "Mimi na mbwa hatuna ugomvi. Alinde. Ila mate yake yasinifikie, mwanangu. Nina udhu."

Tukapanga vizuri. Yeye alikaa kwenye mkeka wake barazani, mimi na Kamanda mbali karibu na bomba. Bi Mwamvua akafungua mwavuli polepole, akaufunga, kisha akarusha dagaa kwa mkono ulionyooka kama anayelisha mamba. Baadaye Kamanda alijua mwenyewe mpaka wake. Alikuwa anakaa pale kivuli cha baraza kinapoishia, matako chini, haongezi hata ukucha mmoja.

"Huyu ana adabu kuliko wapangaji," alisema Bi Mwamvua. "Tereza, umesikia? Tena huyu hadaiwi kodi."

"Bi Mwamvua, mimi tarehe ikifika nitalipa!"

Mzee Kefa peke yake hakumgusa Kamanda. Alipigilia misumari kwenye banda lake, na kila nilipopita na mbeleko alikohoa. Mara moja Kamanda alimwendea akamnusa kiatu. Mzee akasimama, nyundo hewani, mpaka Kamanda alipoondoka mwenyewe.

Chanjo ya mwisho ikafika. Jumamosi iliyofuata, mchana, wapangaji wote tukiwa nyumbani, Mzee Kefa akatoka chumbani kwake na kufuli jipya.

"Leo anaingia bandani," alisema. "Mtaalamu, huna neno?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya kwanza, yale ya daktari na ya kwangu. Kamanda alikuwa amelala juu ya mguu wangu.

"Sawa," nikasema, na nilitamani kujipiga.

Ni Tereza aliyeingilia. "Subiri kwanza, Mzee. Tutajuaje kama ameharibika? Mpime."

Mzee Kefa akafikiri, akakubali. Angevaa kama mwizi, angeingia. Kamanda akimchekea, kufuli. Akabweka, tutaongea. Akatoka, akaazima helmeti ya Habibu, akavaa koti lake la mvua hadi magotini, gunia begani. Tukasubiri. Geti likagongwa.

"Hodi!"

"Karibu!" tukaitikia wote, kwa mazoea.

Kamanda alipoiona helmeti, mkia ukamzungusha mwili mzima. Akakimbia, akakaa mbele ya Mzee Kefa, akasubiri dagaa.

"Mmeona?" Mzee Kefa alipaza sauti ndani ya helmeti. "Mmeona wenyewe?"

"Mwizi gani anapiga hodi?" Tereza akauliza. "Wale waliochukua sufuria walipiga hodi?"

Bi Mwamvua akaunga mkono. "Mimi walipita ukutani, Kefa. Kama ni kupima, pima hivyo hivyo."

Mzee Kefa ni mtu wa haki. Alitoka tena bila kubisha. Tukasikia tofali zikipangwa nje, halafu pumzi, halafu helmeti ikachomoza juu ya ukuta kama jua la ajabu, ikifuatiwa na mguu mmoja.

Kamanda akaganda. Katika wiki zote zile alikuwa ameonyeshwa ndevu, fimbo, mabasi, miavuli na hata padri mwenye joho. Lakini wote walikuwa wamepita chini, na nyumbani wote walipita getini. Mtu kuota juu ya ukuta hakuwahi kumwona. Manyoya ya shingo yakasimama. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo hata yeye ilimshtua, akageuka kuangalia nani kaitoa. Kisha akaitoa tena, na tena, bila kupumzika.

"Amebweka!" Tereza alipiga vigelegele.

"Basi, mwambieni anyamaze nishuke!" Mzee Kefa alikuwa amekaa juu ya ukuta kama mpanda farasi, koti limenaswa na senyenge. Akijaribu kushuka huku, Kamanda anabweka. Akijaribu kurudi kule, koti linamvuta. Watu wa njiani walianza kusimama. Mama muuza vitumbua alifika na mwiko wake, akiwa tayari kumpiga mwizi miguu.

"Ni mimi, Kefa!"

"Wote husema hivyo!"

Tulimshusha kwa ngazi. Alipovua helmeti na kukanyaga chini, Kamanda akamnusa, akamtambua, akamlamba mkono tangu kidole hadi kiwiko. Tulicheka sote, isipokuwa Mzee Kefa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa kufuli mfukoni.

"Amefaulu, Mzee," Tereza akasema.

"Anaingia bandani."

"Kefa, una nini wewe?" Bi Mwamvua akauliza, sasa bila mzaha. "Mbwa kabweka, umeona. Unataka nini tena?"

Mzee aliligeuza kufuli. "Kule maghalani nilikuwa na mbwa. Chui. Alikuwa hivi hivi, anapenda kila mtu. Wakaja watu na nyama yenye sumu. Akaipokea kwa furaha, maana alijua mtu ni rafiki." Akaligeuza tena kufuli. "Huyu asipojua watu, hatapokea kitu cha mtu. Ndiyo hivyo tu."

Hakuna aliyecheka. Kamanda alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake, na safari hii mkono wa Mzee ulishuka ukatua kati ya yale masikio makubwa. Bi Mwamvua akanigeukia, na Tereza, na wengine wote, hata waliokuwa wakichungulia getini.

"Mtaalamu anasemaje?"

Sawa ilikuwa tayari imefika kwenye meno. Nilirudi nyuma hatua moja mpaka nikapumua vizuri. Hakuna aliyenisukuma. Nikasogea mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Hafungiwi. Mzee Kefa, kufungiwa kutamtia hofu, na njaa haiogopi kitu, nyama ataila tu. Tumfundishe asile ila kwenye bakuli lake, na akilishwa na mtu mmoja tu. Nimekosea mimi kumzoesha dagaa wa viganjani mwa watu, hiyo tutaiacha leo. Mtu huyo uwe wewe. Utamlisha asubuhi na jioni. Usiku alinde uwanjani, na banda libaki la kulala, lisiwe na mlango."

Kutoka njia panda ikaja harufu ya vitumbua vinavyoungua. Mzee Kefa alilitazama kufuli, akanipa.

"Utafungia chumba chako," alisema. "Bakuli ninalo. La Chui."

"Heee," alisema Bi Mwamvua. "Kumbe una sauti! Na mambo ya mbwa chuoni waliwafundisha kwelikweli."

Ningeweza kuliacha lipite. Nilikuwa nimeliacha tangu siku ile ya kikao.

"Bi Mwamvua," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi getini, "chuoni sikufundishwa mbwa hata siku moja. Nilisomea majani. Huyu nampenda tu."