Babu wa Kwenye Friza

Kwa Bi Darubini, kila kisonono kilikuwa na ukoo wake. Ndivyo alivyowaeleza wageni waliokuja kutembelea maabara: ukisoma vinasaba vya mdudu wa kisonono, anakutajia ndugu zake mmoja mmoja. Sampuli mbili zikiwa na mdudu wa aina moja, basi wenyewe wameambukizana, au kuna mtu wa katikati aliyewaunganisha. "Watu hudanganya," alimalizia siku zote, "lakini mdudu atadanganya ili iweje?" Wageni walicheka kwa adabu, na wenye ndoa changa waliaga mapema.

Sampuli zililetwa na zahanati tatu za mjini zikiwa na namba, umri na jinsia tu. Bi Darubini alizipima, na kila iliyokutwa na ugonjwa akaisoma aina ya mdudu wake, kisha akabandika nukta kwenye ramani ukutani, ili wakubwa wajue ugonjwa unatoka wapi unaelekea wapi. Kwenye rafu ya chini ya friza aliishi mdudu mmoja wa zamani, aliyetunzwa tangu enzi za mkuu aliyestaafu. Huyo alikuwa wa kujaribia mashine. Kila siku ya kupima alitolewa tone moja likapimwa pamoja na wengine, na mashine isipomwona, ujue mashine ndiyo mgonjwa. Wafanyakazi walimwita Babu, na wengine walimsalimia wakifungua friza.

Sasa, Bi Darubini alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi makochi, ambaye ukoo mzima ulimwita Visingizio. Jina alilipata akiwa na miaka minane, alipochelewa shule akamwambia mwalimu kwamba barabara imefungwa, na wao walikuwa wakikaa ukuta mmoja na shule. Tangu hapo, hata akisema mvua inanyesha, watu walichungulia dirishani kwanza. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa mtindo huohuo. Lakini akiwa na miaka arobaini na moja alimpata mkutubi mmoja mpole, wakapendana kwelikweli, na kilichobaki kilikuwa ridhaa ya shangazi aliyemlea yule mkutubi. Shangazi hakutaka maneno mengi. Alitaka karatasi mbili za zahanati, ya bibi na ya bwana, Jumamosi saa nne asubuhi, mezani kwake.

Ya mkutubi ilitoka safi. Alhamisi, Visingizio alisimama kwenye kidirisha cha kupokelea sampuli, karatasi yake mkononi.

"Dada, hii karatasi imepotea njia."

"Karatasi haina miguu. Namba yako?"

"Kumi na saba."

Bi Darubini aliijua kumi na saba. Aliisoma mwenyewe jana yake. Akafunga kidirisha, akatoka, akamvuta ndugu yake hadi mwisho wa korido.

"Miaka miwili, dada. Miaka miwili sijamgusa mtu. Naapa."

"Hata barabara imefungwa uliapa."

"Nilikuwa mtoto!" Akanong'ona, "Labda ni makochi. Mimi huwa nayalalia nikiyakagua. Haiwezekani kikawa kimeng'ang'ania humo?"

"Kisonono hakikai kwenye kochi."

"Hata la ngozi?"

Dada mtu alifumba macho, akahesabu hadi tano. Kisha akamuuliza mwezi huu alifanya kazi wapi. Visingizio akataja: viti vya kinyozi karibu na zahanati ya sokoni, makochi ya nyumba moja kule relini, na mabenchi ya kusubiria wagonjwa kwenye zahanati ya mlimani. Kila alipotaja, moyo wa Bi Darubini ulishuka ngazi moja. Maana wiki hiyo sampuli sita zilikuwa zimetoka na mdudu wa aina moja, aina ambayo mji huo haujawahi kuiona, na zilitoka sokoni, relini na mlimani. Mmoja wa wagonjwa alikuwa mwanaume wa miaka sabini na moja.

"Umezunguka mji mzima," alisema.

"Na nyundo, dada! Nimezunguka na nyundo!"

"Nenda kamwambie shangazi ukweli. Angalau mara moja katika maisha yako."

Visingizio hakujibu. Kwa mtu wa jina lile, hilo peke yake lingetosha kumshtua dada yake, lakini dada alikuwa ameshageuka na kuufunga mlango.

Mkuu wa maabara, bwana aliyependa ramani kuliko chakula cha mchana, alizitazama zile nukta sita mpya akasugua viganja. "Mlipuko!" alisema, kama mtu aliyepata mtoto. "Hii inakwenda wizarani. Rudia vipimo kesho, na ufuate utaratibu wote, hata mrija wa maji. Wale watauliza."

Mrija wa maji ulikuwa hivi: kila zamu ya kupima, mrija mmoja hutiwa maji matupu badala ya sampuli, na majibu yake lazima yawe sifuri. Bi Darubini alikuwa ameuacha kwa wiki mbili. Trei ilikuwa na matundu machache, wagonjwa walikuwa wengi, na katika miaka yake kumi na tisa ya kazi maji hayajawahi kuumwa hata siku moja.

Ijumaa asubuhi akautia. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikatoa majibu. Maji yalikuwa na kisonono.

Alivua miwani akaifuta. Akarudia. Maji yalikuwa nacho vilevile. Maji hayana mke wala mchepuko, hayajawahi hata kualikwa sherehe, lakini alipoyasoma aina ya mdudu wao, yalilingana na namba kumi na saba na wenzake watano herufi kwa herufi. Hapo ndipo alipofungua friza na kumsoma mtu ambaye hakuna aliyewahi kumlinganisha na wagonjwa, kwa kuwa hakuwa mgonjwa. Alikuwa Babu, na herufi zake zilikuwa zilezile.

Jumatatu yote ikamrudia. Simu ameibana kati ya sikio na bega, ndugu yake anauliza kama suti ya kahawia inamfaa mwanaume mwenye kitambi, yeye anacheka hadi machozi. Na pipeti ya kunyonyea matone, mkononi mwake, inatoka kwa Babu na kuzama moja kwa moja kwenye chupa kubwa ya maji, bila kubadilishwa ncha. Maji ya chupa hiyo ndiyo aliyotumia kuzimulia sampuli zilizokuwa nzito mno, na wiki hiyo nzito zilikuwa sita.

"Mkuu," alisema mlangoni, "mwenezaji nimempata."

"Nani?"

"Mimi."

Mkuu alibandua nukta zake sita mwenyewe, polepole, kama anabandua plasta. Masalia ya sampuli yalipimwa upya kwa chupa mpya, na zote sita zikatoka safi. Muuguzi, akiwa na majina kutoka zahanati zote tatu, akaanza kupiga simu. Mzee wa miaka sabini na moja aliuliza kama ni lazima wenzake wa drafti nao waambiwe, maana wiki hii walikuwa wamemheshimu sana. Lakini mwanamke mmoja kijana alilia, akasema mumewe amehama tangu Jumatano, na Bi Darubini, aliyesimama pembeni, alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba simu, akaomba namba ya huyo mume, akampigia mwenyewe.

Jumamosi saa nne alikuwa sebuleni kwa shangazi, karatasi mpya mapajani. Ndugu yake alikaa kwenye ncha ya kochi, suti ya kahawia, macho sakafuni. Bi Darubini alikuwa na kisingizio kizuri ajabu, tena cha kweli: ulinipigia simu nikiwa kazini. Kilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akakimeza.

"Kosa ni langu, shangazi. Nilichafua maji ya kupimia. Kijana wenu hana kitu, na hakuwa nacho."

"Na alipokwambia hivyo, ulimwamini?"

"Sikumwamini."

Shangazi akamgeukia bwana harusi. "Na wewe, mbona hukupigania haki yako?"

"Mashine ya dada haikosei, shangazi," alisema Visingizio. "Juzi usiku sikulala. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni lini nilifanya."

Bi Darubini alilia hapohapo, bila kutafuta leso. Shangazi alimwacha alie, kisha akaingia jikoni akarudi na sinia: glasi moja ya maji, ya mgeni. Sebule nzima ikaitazama ile glasi. Hakuna aliyenyoosha mkono, na Bi Darubini mwenyewe hakuthubutu.

Ndugu yake akainuka, akaichukua, akanywa hadi nusu. Kisha akampa dada yake iliyobaki.