Watu wa Chini ya Bwawa

Mwalimu wa maktaba, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Kurasa, alihisi damu ikimchemka alipofungua kabati na kukuta kitabu cha bwawa hakipo. Vingine vilikuwa vimetulia mahali pake: cha watoto wa jangwani, cha msichana asiyeona anayepiga zumari, cha wavulana wa dini mbili wanaolala chumba kimoja. Hicho kimoja tu ndicho kilichoota miguu.

Wiki iliyopita alikuwa amewasomea darasa la nne kitabu hicho. Kilikuwa kitabu cha picha, kikieleza habari za bonde lililokuwa na mashamba na nyumba kabla ya kujengwa bwawa la mji wao, na jinsi wenyeji walivyohamishwa bila kuonyeshwa hata pa kulala. Vitabu vya historia vya shule vilitaja mainjinia, vikataja urefu wa ukuta, basi, utadhani maji yalikuta bonde tupu. Alipomaliza kusoma, Kidoti, binti ambaye wenzake walizoea kumcheka kwamba kwao ni mabandani, alinyoosha mkono akasema babu yake alizaliwa pale kwenye picha. Tangu siku hiyo ikawa wenzake hao ndio wanaomfuata, wanataka kusimuliwa.

Mwalimu mkuu hakukana kwamba amekichukua. Alisema mwenyekiti wa kamati ya shule amelalamika; marehemu baba yake ndiye aliyesimamia uhamishaji ule, na shule si mahali pa kufukua makaburi.

"Hawa ni watoto, Mwalimu. Kwa nini uwatwishe uchungu usiowahusu?"

"Mmoja wao ameubeba tangu azaliwe. Au yeye si mtoto?"

Mkuu akageukia dirisha, akamwambia ajiandae na siku ya wazazi. Wageni wangefurahi kusikia hadithi moja ya watoto wa nchi za mbali.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Mama Kurasa akasoma kitabu kilichoruhusiwa, cha watu wa nchi ya mbali waliofukuzwa kwao ili reli ipite. Alipofika pale mtoto anapojitwika mlango wa nyumba yao kwa sababu mama yake amekataa kuuacha, mwenyekiti, aliyeketi safu ya mbele, alitoa leso akajifuta macho.

"Jamani, binadamu tunafanyiana unyama," alimwambia jirani yake, na ukumbi mzima ukasikia.

Mama Kurasa alipandwa na hasira. Kumbe machozi wanayo, ila wanayatoa kwa watu ambao hawatakutana nao maishani! Alikuwa amekusudia kusoma na kukaa. Badala yake alikiweka kitabu mezani.

"Mama Mwenyekiti, hata hapa kwetu yalitokea. Kitabu chake mmekificha."

Mkuu aliinuka huku akikohoa. Kabla hajapata la kusema, mtu akasimama nyuma, bado amevaa ovaroli ya kazini. Alikuwa baba yake Kidoti, fundi bomba.

"Wengi wenu nimewaunganishia maji nyumbani," alisema bila kupandisha sauti. "Maji hayo yamelala juu ya nyumba aliyozaliwa baba yangu. Sijaja kudai kitu. Nataka mwanangu asome habari zake kama anavyosoma za wengine."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikunja leso yake akatoka, na mkuu akafunga mkutano bila hata kuwashukuru wageni.

Mama Kurasa akanyang'anywa maktaba, akapewa hesabu za darasa la saba. Kuhusu kitabu aliambiwa kinafanyiwa tathmini. Kurasa za picha, zinatathminiwa nini? Kila Jumatatu akawa anapita ofisini kukiulizia, kwa sauti ya kufika hadi uwanjani, na kila Jumatatu jibu ni lile lile. Fundi bomba akaanza kufuatana naye, kisha wazazi wengine, mmoja mmoja.

Jumatatu iliyopita Mama Kurasa alichelewa kidogo, akakuta wazazi wameshajipanga mlangoni. Aliyekuwa mbele kabisa ni mkwe wa mwenyekiti, amemshika mkono mwanawe wa darasa la nne.

"Sisi tumekuja kuulizia kile cha bwawa," alikuwa akimwambia mkuu. "Huyu hanipi usingizi."