Ijumaa ya Kufuma

Katika shule ya msingi aliyofundisha Waithera, nje kidogo ya mji wa Kitale, Ijumaa ilikuwa na harufu yake. Ilinuka udongo, gundi ya unga na magunia makuukuu. Baada ya chakula cha mchana watoto wa gredi ya nne walisukuma madawati ukutani, wakatandaza magunia sakafuni, wakaketi kungoja waambiwe wiki hii watatengeneza nini. Wiki moja walifinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni. Wiki nyingine walibandika mtama na maharagwe kwenye kadibodi wakatoa picha ya Mlima Elgon, panya wakaingia darasani wakaula mlima wote. Wazazi walinung'unika kwamba mtaala huu mpya unawasumbua kutafuta maboksi na manyoya ya kuku kila uchao, lakini watoto wenyewe hawakukosa shule siku ya Ijumaa hata wakiwa na homa.

Nekoye hakuzaliwa Kitale. Aliletwa mwanzoni mwa mwaka kutoka Bungoma, akae na mjomba wake Sifuna, fundi wa matrekta, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa figo na hakuweza tena kumlea. Mama huyo aliitwa Ivy. Alikuwa mshonaji, na kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni ya Bungoma, kwa hiyo Nekoye alikua akichezea vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Labda ndiyo sababu mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wenzake. Na kila alichotengeneza Ijumaa kilikuwa cha mama. Sifuna alipokwenda hospitalini kumwona dada yake, alibeba kazi za mtoto kwenye mfuko wa karatasi.

"Mama ameweka ng'ombe wangu dirishani," Nekoye alimwambia mwalimu wake siku moja. "Nesi akauliza, ati hii ni mbuzi? Mama akamwambia, si uangalie nundu, bana."

Waithera alicheka mpaka akafuta machozi. Hakuwa na mtoto wake mwenyewe, na alijua si vizuri mwalimu kupenda mmoja kupita wengine. Alimpenda hivyo hivyo.

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, kabla ya kengele ya asubuhi, Sifuna alikuja shuleni. Alisimama nje ya ofisi ya walimu na ovaroli yake ya kazini, kofia mkononi. Waithera alipotoka kumsalimu, yule mwanaume alisema akitazama ua wa michongoma.

"Mwalimu, dada yangu ametuacha. Jana jioni."

"Woi! Pole, Sifuna. Pole sana." Waithera alimshika mkono. "Nekoye yuko wapi?"

"Ameingia darasani. Yeye hajui." Sifuna alishusha sauti. "Ndiyo maana nimekuja. Usimwambie, na hao wengine wasimwambie. Tutazika Jumamosi ijayo kule nyumbani Myanga, turudi, shule ifungwe, ndipo tutaona vile tutamweleza."

"Hataenda kumzika mama yake?"

"Ni mtoto. Ataona nini kule? Atalia mpaka augue, na mimi sina nguvu ya kuuguza mwingine." Akavaa kofia, akaondoka haraka kama mtu anayefukuzwa.

Waithera alifundisha hesabu asubuhi hiyo bila kujua anafundisha nini. Alikuwa na tumaini dogo tu, kwamba saa za mchana zingepita upesi. Lakini wiki hiyo kazi ilikuwa kufuma. Kila mtoto alikuwa ametakiwa kuja na uzi wa sweta kuukuu, aunyooshe, aufume kwenye kadibodi iliyokatwa meno, atoe kitambaa cha mezani. Watoto wakamwaga nyuzi zao sakafuni, za samawati na nyekundu na rangi ya maji ya matope. Nekoye akafungua mfuko wake, akatoa sweta nzima ya kijani ya mtu mzima. Mkono mmoja alikuwa tayari ameufumua nyumbani, na uzi wake ulikuwa umeviringishwa ukawa kama yai.

"Hii ni ya nani?" Waithera aliuliza, ingawa moyo wake ulikuwa umeshajibu.

"Ya mama. Alinipatia nikikuja huku, juu ya baridi ya Kitale. Lakini ni kubwa, inanimeza. Nataka kumfumia kitambaa cha kuweka juu ya kile kimeza cha hospitali." Akamnyooshea mwalimu sweta. "Nisaidie kupata mwanzo wa huu mkono mwingine. Umekataa kufunguka."

Waithera aliipokea. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya kujipaka na moshi wa mbali. Shingoni kulikuwa na unywele mmoja mrefu wa kusuka umenasa. Aliishika tu, na watoto walio karibu wakaanza kumtazama.

"Huo mkono mmoja unatosha," alisema hatimaye. "Ukipungukiwa nitakupa uzi wangu."

"Lakini wako ni mweupe, utachafuka. Na mama anapenda hii rangi."

"Nekoye, iache hii sweta. Usiifumue tena."

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Mtoto alinywea. Aliirudisha sweta kwenye mfuko, akainama juu ya kadibodi yake, akafuma kimya, juu, chini, juu, chini, na kitambaa kikaanza kuonekana, mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Waithera alitoka akaenda nyuma ya darasa, kwenye mapipa ya maji ya mvua, akakaa huko mpaka aliposikia watoto wameanza kupigana kwa ajili ya mkasi.

Yeye alikuwa na umri kama wa Nekoye baba yake alipofariki. Wakati huo familia ilikuwa ndiyo kwanza imehamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na watu wazima walimtuma kwa jirani akachunge ndama. Aliporudi alikuta wageni wanakula wali, na nyuma ya nyumba udongo mpya umerundikwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Kwa miaka aliendelea kumwekea baba yake kiti.

Siku hiyo jua lilikuwa bado halijatua Waithera alipobisha hodi kwa Sifuna. Rosaline, mke wa Sifuna, alimkaribisha akamletea chai. Nekoye alikuwa nje anafungia kuku.

"Nimekuja kuwaomba mumwambie," Waithera alisema. "Mtoto anafumua sweta ya mama yake ili amfumie mama yake. Mimi siwezi kuliangalia jambo hilo tena."

Sifuna aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini haya ni mambo ya nyumba yetu. Nyinyi mna desturi zenu, na sisi tuna zetu."

"Desturi yenu inasema mtoto asimzike mama yake?"

Aliyejibu alikuwa Rosaline, akimwambia mumewe kutoka mlangoni. "Haisemi hivyo, baba Khisa, na wewe unajua. Ni wewe tu huwezi kusema. Tangu jana umemkimbia huyu mtoto kama mwenye deni."

Sifuna alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mkubwa. "Ni mimi nilimbeba Ivy mgongoni," alisema. "Akiwa mtoto, ni mimi nilimbeba. Sasa niseme aje? Mwambie wewe. Kama unaweza, mwambie wewe."

Hapo ndipo Nekoye alipoingia, na manyoya ya kuku kwenye nywele. Alimtazama mjomba wake analia, akamtazama Rosaline, halafu akamgeukia mwalimu.

Waithera alimketisha karibu naye. Alikuwa amesikia maneno mengi ambayo watu humwambia mtoto: amelala, amesafiri, Mungu amemwita. Yote aliyaacha.

"Nekoye, mama yako amekufa."

Mtoto alibaki kumtazama midomo yake, kana kwamba kuna neno jingine linakuja nyuma.

"Leo?"

"Jana."

"Kwa hivyo nikifuma, alikuwa amekufa tayari."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua," Waithera alisema.

Nekoye aliinuka. Hakulia. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa sweta ya kijani, mkono mmoja mzima na mwingine umeishia begani, nyuzi zinaning'inia. Akapita katikati yao, akaenda kuketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na Rosaline alipomfuata akamwambia kwa upole, "Aunti, niache kidogo."

Siku za matanga hakuja shuleni. Jumamosi ya mazishi Waithera alisafiri pamoja nao. Waliteremka kupitia Webuye, wakafika Bungoma kuuchukua mwili mochari, na msafara ukaelekea Myanga polepole, watu wa pikipiki wakipiga honi mbele. Nekoye alikaa na mjomba wake. Kwa Waithera hakusogea hata mara moja.

Nyumbani, jeneza lilipofunguliwa, bibi yake, ambaye wote walimwita Kukhu, alimshika mkono akamsogeza. Mtoto alichungulia kwa muda mrefu.

"Amekonda sana," alisema.

"Amekonda, mama," Kukhu alikubali. "Ugonjwa umemla." Wala hakumwondoa. Alimwacha aangalie mpaka atosheke.

Nyimbo ziliimbwa, pasta akahubiri, udongo ukarudishwa, na bado jicho la Nekoye lilikuwa kavu. Wanawake wakaanza kunong'onezana. Kisha, watu walipokuwa wanapanga foleni ya chakula, kijana mmoja wa pikipiki aliingia uani. Nyuma alikuwa amefunga cherehani ya Ivy kwa mipira, imetolewa kule kibandani kwa kuwa mwenye kibanda amempangisha mtu mwingine. Aliiteremsha, akaiweka barazani. Kwenye sindano kulikuwa na uzi, na chini ya sindano kipande cha nguo ya mtu, mshono umefika katikati.

Nekoye alikiona kile kipande cha nguo. Alipiga yowe moja ambalo liliwasimamisha watu wote na sahani zao mikononi. Akaanguka pale kwenye mguu wa cherehani, analia na kuita, na Kukhu akaja akaketi chini vumbini, akamweka mapajani, msichana mkubwa hivyo, akamyumbisha kama mtoto mchanga. Waithera alitaka kwenda. Akabaki alipokuwa. Mahali pale palikuwa pameshapata mtu wake.

Jioni ukoo ulikaa chini ya turubai kuamua mtoto atalelewa na nani. Sifuna alisema atarudi naye Kitale, shule ni nzuri, na mwalimu wake ndiye huyu amekuja mpaka hapa. Waithera alitikisa kichwa kukubali. Moyoni alikuwa ameshapanga mengi: nguo za shule, Jumamosi za kuja kwake kujifunza kushona, taratibu tu mpaka amsamehe.

"Aulizwe mwenyewe," Kukhu alisema.

Nekoye akaitwa. Macho yalikuwa yamevimba. "Nataka kukaa na Kukhu," alisema. "Mama yuko hapa."

Sifuna alijaribu kumbembeleza, akashindwa. Akamgeukia Waithera, bila ubaya, kwa uchovu tu. "Mwalimu, si wewe ulisema mtoto asifichwe kitu? Basi amejua, na amesema."

Kabla ya kuondoka, Waithera alimfuata Nekoye jikoni, alikokuwa anamsaidia bibi yake kupanga sufuria.

"Huku shuleni wana Ijumaa ya kutengeneza vitu?" Nekoye aliuliza.

Waithera alimtazama Kukhu. Bibi aliinua mabega. "Mwarimu, watoto hapa ni wengi. Wakipata kitabu na kalamu tunashukuru."

"Haya," Nekoye alisema, akaendelea kupanga sufuria. Halafu, bila kugeuka: "Usiku mwema, mwalimu."

Alikuwa hajamwita mwalimu tangu siku ile. Waithera aliondoka na neno hilo moja.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya barakoa za magazeti. Watoto walirarua karatasi, wakazilowesha kwenye ndoo ya gundi, wakazibandika juu ya mabakuli. Katikati ya kelele, Tonny, aliyekuwa akikaa dawati moja na Nekoye, akauliza kwa sauti atarudi lini.

Mwalimu mkuu alikuwa amemshauri awaambie amehama tu. Waithera alitazama nyuso zile zenye gundi mpaka kwenye nyusi.

"Hatarudi. Mama yake alikufa, na yeye amebaki Myanga na bibi yake."

Mikono ikasimama juu ya ndoo. Mmoja akasema "pole", kwa sauti ndogo, kwa mtu asiyekuwepo. Kisha mikono ikarudi kwenye ndoo, polepole. Lakini msichana mmoja wa nyuma, Nyaruai, mpole asiyesema sana, hakurudisha yake. Alisimama akaja mpaka mbele, gundi ikimchuruzika kwenye kiko cha mkono.

"Mwalimu," alinong'ona, "mimi pia baba yangu walisema amesafiri. Ni kitambo. Yeye yuko wapi?"

Waithera hakujua. Hakuwa amesikia lolote juu ya baba huyo, wala hakujua ni mlango wa namna gani angeufungua safari hii, na angempoteza nani. Alifuta mikono kwenye aproni, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Sijui, Nyaruai," alisema. "Leo tukitoka tutaenda kwenu pamoja, tumuulize mama."