Ushauri kwa Fundi wa Sare

Mwaka wa tatu wa shahada ya biashara tulikuwa na somo liitwalo Stadi za Kazi. Tulifundishwa kuandika barua pepe fupi, kusikiliza mteja, kusimama mbele ya watu bila kuficha mikono mfukoni. Kazi ya mwisho ilikuwa ya makundi: tafuteni biashara ndogo, ichunguzeni, kisha mje kuwasilisha ushauri wenu darasani.

Kundi letu lilikuwa la watu wanne. Kiongozi tulimwita Mkurugenzi, maana alianza kuvaa tai tangu wiki ya kwanza chuoni. Yeye ndiye aliyechagua duka la fundi wa sare lililo nyuma ya hospitali. Hakujua kwamba fundi huyo ni mama yangu, na mimi sikumwambia. Wenzangu walikuwa na wazazi wahasibu na mawakili. Mimi niliwahi kusema mama yangu ni mjasiriamali, nikaishia hapo.

Asubuhi ya ziara nilimpigia simu. "Mama, leo nakuja na wenzangu. Naomba tujifanye hatujuani."

"Hatujuani vipi?"

"Ni mambo ya somo tu. Wasije wakapendelea."

"Haya," akasema, akakata.

Tulikaa dukani dakika kumi na mbili. Mama alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni, akimpimia muuguzi pindo la suruali. Mkurugenzi akamuuliza dira yake ni ipi. Mama akatikisa kichwa tu, mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Mkurugenzi akampiga picha. Wakati wa kuondoka nilinyoosha mkono nikasema, "Asante sana, madam." Mama aliutazama ule mkono kwanza, ndipo akaushika.

Wiki mbili baadaye picha ile ilijaa ukuta mzima wa darasa: mashavu yametuna, macho yamemtoka, pini zinachungulia kwenye midomo. Darasa likaangua kicheko.

"Kama mnavyoona," Mkurugenzi akasema, akisubiri kicheko kitulie, "changamoto kubwa ya biashara hii ni mmiliki mwenyewe. Hana dira. Hana udhibiti wa ubora. Tunapendekeza aajiri meneja msomi, yeye abaki kwenye cherehani."

Nilikuwa nimesimama kando yake nikisubiri zamu ya kusoma slaidi yangu. Masikio yaliniwaka moto.

"Zima hiyo picha," nikasema.

"Samahani?"

"Zima! Huyo ni mama yangu."

Kicheko kilikatika. Mhadhiri wetu, mama wa makamo aliyekaa mstari wa mbele na karatasi ya alama, aliinua kalamu. "Binti, hisia si hoja. Endelea na slaidi yako."

"Hoja ninazo. Kila sare akiimaliza anaigeuza ndani nje, anavuta kila mshono kwa vidole. Mshono ukilegea anaufumua wote, hata mteja awe amesimama mlangoni. Huo si udhibiti wa ubora? Tulimuuliza? Tulimuuliza dira ana pini mdomoni! Nani kati yenu angejibu?"

Mkurugenzi hakupandisha sauti. "Tungeyajua hayo kama ungetuambia. Wewe ndiye uliyetuficha."

Nilitamani kumrarua ile tai, lakini alikuwa amesema kweli.

Kundi lilipewa A. Mimi nilikatwa alama kumi kwa kukosa weledi.

Nilikwenda moja kwa moja dukani, nikamsimulia mama yote, nikitegemea tutawakasirikia pamoja. Alisimamisha cherehani.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama."

"Hiyo picha ulikuwa umeiona kabla?"

Nilikuwa nimeiona. Siku mbili kabla, kwenye simu ya Mkurugenzi, nikajiambia labda watu hawatamtambua. Nikaitikia kwa kichwa.

"Miaka kumi na tisa nashona nguo za watu ili usome," mama akasema. "Kumbe umesomea kunikana."

Asubuhi iliyofuata aliniamuru nimpeleke chuoni. Aliingia ofisini kwa mhadhiri na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, hakungoja kukaribishwa kiti.

"Shikamoo sikupi, tuko rika moja. Mimi ndiye ile changamoto kubwa. Katika somo lako mnafundisha kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha?"

"Tunafundisha, mama."

"Na kumsikiliza mteja?"

"Pia."

"Sasa hiyo A ni ya nini?"

Mhadhiri alivua miwani, akaivaa tena. "Ungependa tufanye nini?"

"Waje waniambie mimi. Ushauri ni wa kwangu, mbona wameupeleka kwa watu wengine?"

Alama zikazuiwa. Ijumaa tulikuwa dukani wote wanne, pamoja na mhadhiri. Mama alituacha tumesimama mpaka alipomaliza kushona kola. Mkurugenzi akaanza kusoma. Alipofika kwenye sentensi ile ya mmiliki mwenyewe, akairuka.

"Umeruka," mama akasema. Alikuwa na nakala mkononi, aliyopewa na mhadhiri. "Soma."

Akasoma. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ukosi wa shati. Mama alisikiliza hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Hili la kumpa mteja karatasi yenye tarehe ya kuja kuchukua nguo ni zuri. Nalichukua. La meneja, rudi nalo. Na hiyo picha uifute hapa hapa, naangalia."

Aliifuta, akaomba radhi kwa sauti ambayo darasani hakuwahi kuitumia. Kundi likashushwa hadi B. Alama zangu kumi hazikurudishwa, nami sikuzidai.

Walipoondoka nilibaki. Nilichukua ufagio nikazoa vipande vya vitambaa, nikapanga nyuzi, nikatafuta la kufanya hadi likakosekana.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusikia." Hakuinua macho kwenye kitambaa. "Lakini bado nina hasira na wewe, tena nyingi. Usinibembeleze ziishe haraka ili wewe ujisikie vizuri. Ngoja ziishe zenyewe."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu na cherehani ya pili, nikaanza kushikiza vifungo.