Kivuli cha Ghorofa Arobaini

Saa tatu na robo asubuhi, fundi cherehani aliyejulikana mtaani kama Bi Mkasi alikuwa mlangoni kwake akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, kivuli cha ghorofa arobaini kilipofika na kumfunika. Akalikosa tundu mara tatu, akasonya, akaingia ndani kuwasha taa.

Jengo lenyewe halikuwapo. Mbele ya nyumba yake palikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, na bango lenye picha ya mnara wa vioo, limepauka kwa jua. Nyumba kumi na tisa zilivunjwa kuupisha mnara huo. Ya Bi Mkasi ilinusurika kwa hatua mbili. Majirani wakampongeza, kisha wakafungasha virago. Yule aliyempenda kuliko wote, aliyekuwa akiingia bila hodi kuonja chumvi kwenye sufuria isiyo yake, alipakiwa kwenye lori pamoja na makochi yake. Aliahidi kupiga simu akishatulia. Mwaka wa tatu huu, inaelekea hajatulia.

Nguo nyeusi haishoneki gizani. Bi Mkasi akaenda ofisi ya mipango miji kulalamika. Karani akafungua jalada bila haraka, akamweleza kwamba ramani halisi ilikuwa bado kwa wenye mradi, hivyo kikao kililetewa kivuli cha ramani, kile kinachotolewa kwa mashine ya nakala. Kikao kikaandika: kivuli kimepitishwa, jengo lisubiri.

"Basi ndicho kilichokuja," alisema karani. "Ukisaini fomu hii kinafutwa, pamoja na vyote vilivyomo."

Asubuhi iliyofuata Bi Mkasi alitoka na ile fomu na kalamu mkononi. Kivuli kikaja kwa wakati wake, kikapanda ukuta wake mweupe, dirisha kwa dirisha. Kwenye roshani moja alisimama mwanamke mnene, kilemba kimelalia kushoto, akijikuna mgongo kwa mwiko. Bi Mkasi alimjua mtu mmoja tu duniani mwenye tabia hiyo. Akaitia kalamu mfukoni, akarudi kwa karani.

Karani hakuona ajabu. Alieleza kwamba mchora ramani alipokuja kupima alihitaji mtu wa kuonyesha kimo cha dari, akamchora aliyekuwa karibu. Lazima awepo mtu, jengo lisionekane tupu.

"Kwa hiyo amepewa nyumba humo?"

"Hapana, mama. Amechorwa tu."

Bi Mkasi aliikata ile fomu ikawa kiolezo cha kola. Tangu siku hiyo anashona kwa taa mchana kutwa, macho yanamuuma, na kila saa tatu na robo hutoa viti viwili nje, akakalia kimoja. Humpasha jirani habari za mtaa ambao haupo tena. Siku za mawingu hakai na mtu.

Wiki jana aliamua kumshonea gauni. Akaegemeza ngazi ukutani, akapitisha futi kiunoni mwa kile kivuli cha jirani, akaandika kipimo. Saa tano akapima tena, kwa kuwa fundi hupima mara mbili. Kipimo kilikuwa kimepungua.

"Umekonda, mwenzangu," alimwambia. "Huko walikokupeleka unakula kweli?"

Akasubiri jibu, futi mkononi. Likapita wingu, ukabaki ukuta.