Kiti cha Wifi

Chapuchapu aliponunua lile gari, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Na kusema kweli, walikuwa na haki. Lilikuwa gari la mizigo la zamani, lile la bodi iliyofunikwa mpaka nyuma kama boksi, limetelekezwa uani mwa gereji hadi majani yamepenya kwenye taa. Kuku walikuwa wanatagia chini ya usukani. Fundi wa gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Kesho kwa sababu hajawahi kuahidi siku nyingine, alilizunguka, akalipiga gurudumu teke, akatikisa kichwa.

"Mama, hili si gari. Hili ni banda."

"Basi nitengenezee banda liende," Chapuchapu akamjibu.

Jina hilo la Chapuchapu alipewa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na huyo wifi ndiye chanzo cha habari yote hii. Wawili hao walikuwa mafundi wa vioo. Wanapima dirisha, wanakata, wanabeba, wanapachika. Kazi ilikuwa ya Wifi tangu usichana wake. Chapuchapu alipoolewa alimkuta nayo, akafundishwa. Watu walisubiri vita, maana sifa za mawifi mnazijua wenyewe. Wakasubiri wee, wakachoka. Hawa walikuwa wanabeba kioo kwa miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, wanapiga soga njia nzima na kucheka kama wanatoka harusini, na pikipiki zinawapisha.

Ila goti la Wifi lilikuwa limeanza kumgomea. Hakusema. Akizidiwa njiani alijifanya anasimama kufunga kamba za viatu, na mguuni amevaa ndala! Chapuchapu aliyaona yote akanyamaza. Utaanzaje kumwambia wifi yako mkubwa, aliyekushika mkono ukajua kazi, kwamba amechoka? Si utakuwa umemkosea adabu? Lakini moyo haukumtulia. Wifi akiacha kazi, atakaa peke yake nyumbani kutwa anatazamana na ukuta, na yeye Chapuchapu abaki na kioo mkononi hana wa kusema naye. Hilo alilikataa katakata. Ndiyo sababu akanunua gari. Kwa Wifi alisema tu, "Nimechoka kuvuka barabara na kioo mkononi."

"Nunua," Wifi akasema. "Likikataa kuwaka tutafugia kuku. Nao naona wameshahamia."

Kesho akashika injini, breki na klachi, kwa mwendo wake ule ule wa kesho na kesho. Bodi aliishika Chapuchapu mwenyewe. Kila alipomaliza kazi ya vioo alipita gereji, akavaa ovaroli, akapiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Kutu ilimwingia puani, kwenye nywele, hata kwenye chai. Sakafu ilikuwa na matundu ya kuchungulia ardhi. Yeye na Kesho wakakata mabati wakachomelea. Akapaka puti, akasugua, akapaka tena. Siku alipopulizia rangi ya bluu na ikashika bila hata tone kuchuruzika, alisimama kando akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu. Kuanzia hapo gari lilimpanda kichwani. Ole wake aliyeliegemea.

Sasa hapo ndipo alipoharibu. Kioo husafirishwa kimesimama, kimeegemea fremu. Ukikilaza, shimo la kwanza tu barabarani umebaki na vipande. Kesho akashauri fremu ifungwe nje, ubavuni mwa gari, kama wafanyavyo mafundi vioo wengine.

"Utoboe bodi yangu?" Chapuchapu akang'aka. "Na rangi hii? Thubutu!"

"Basi kibebe kichwani."

Akaamua fremu ikae ndani. Akapima, vile vioo vyao vikubwa havikuenea. Akapima tena, akagundua kwamba kiti cha abiria kikiondoka, kioo kinafika mpaka dashibodi. Basi bila kufikiri mara mbili akachukua spana, akakifungua kiti, akakitupa nje. Fremu ikakaa barabara. Akajiona bingwa wa mabingwa.

Wifi akaitwa kuja kuona. Alikuja amejifunga kitambaa kipya kichwani, akalizunguka gari polepole, akapitisha kiganja kwenye rangi.

"Chapuchapu, wewe una mikono," alisema, na alimaanisha. Kisha akafungua mlango wa abiria ili apande.

Akasimama. Ndani kulikuwa na mbao za fremu, kamba, na sakafuni matundu ya boliti pale kiti kilipokuwa. Akaufunga mlango taratibu sana.

"Limependeza. Hongera, wifi yangu. Ngoja niwahi, nimeacha maji jikoni."

Chapuchapu akasonya. Watu wanakesha na kutu, na shukrani yenyewe ndiyo hii? Alikwenda kulala amenuna. Asubuhi Wifi hakutokea kazini. Alikuja jirani yake, ameshika kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na tepu ya kupimia ya Wifi na almasi yake ya kukatia vioo, ile asiyomruhusu mtu kuigusa.

"Amesema utavihitaji," jirani akasema, akaenda zake.

Chapuchapu alivichukua akaruka garini, hasira zimemjaa, aende akamuulize wifi yake kulikoni. Akawasha. Akageuza kichwa kulalamika upande wa pili, kama alivyozoea miaka yote kulalamika na mtu pembeni. Macho yakagonga mbao.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemtengenezea gari halafu nimemtoa ndani."

Aliweka kichwa kwenye usukani akalia. Alipomaliza kulia hakwenda kwa Wifi, alikwenda gereji.

"Toa fremu, ifunge nje. Rudisha kiti."

Kesho akakuna kichwa. "Nitoboe bodi?"

"Toboa."

"Na ile rangi..."

"Toboa kabla sijabadili mawazo! Na iwe leo!"

Neno leo lilimshtua Kesho kidogo, lakini alitoboa. Rangi ya bluu ilibanduka vipande vipande ikaanguka miguuni pa Chapuchapu, na kila tundu lilimuuma kama linatobolewa mwilini mwake. Hakuondoka. Kiti alikifuta mwenyewe, akakaza boliti mwenyewe.

Wifi alikuwa kizingitini anachambua mchele gari liliposimama mbele yake. Hakuinuka.

"Umekuja kunionyesha tena?"

"Nimekuja kukuchukua. Panda."

"Nikae wapi? Nisimame na vioo?"

Chapuchapu akashuka, akafungua mlango wa abiria. Wifi akakitazama kiti. Akatazama ubavu wa gari, fremu iliyofungwa nje na mikwaruzo.

"Umeliharibu gari lako."

"Nimeliharibu. Nilikuwa mjinga, wifi, nisamehe. Panda."

Wifi akaweka ungo chini, akaja, akashika mlango na kuinua mguu. Goti likakataa. Akajaribu tena, likakataa. Safari hii hakujifanya anafunga chochote.

"Chapuchapu, siwezi kubeba tena," akasema. "Goti limekwisha. Nilificha kwa sababu nilijua nikisema tu, utatafuta mwenzio mwingine."

"Nilijua zamani, wifi. Gari nililinunua kwa ajili ya hilo goti."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Walitazamana, wakacheka, kisha wote wawili wakashindwa kucheka.

"Wa kubeba tutampata," Chapuchapu akasema. "Wa kukaa hapa simpati."

Akaingiza bega chini ya kwapa la wifi yake, akamshika kiuno, akaanza kumpandisha.

"Polepole basi," Wifi akasema, machozi yanamtoka. "Mimi nikivunjika hukati mwingine."

"Najua, wifi," akasema, akamfunga mkanda.